Isizidi MB Mbili

Nilitoka mara moja tu kwenda kuchukua bunda la karatasi kwenye duka la jumla. Jua lilikuwa linazama na taa za barabarani zilikuwa bado hazijaamua kuwaka. Niliporudi, nilimkuta mwanamke amekaa kwenye kiti changu.

Kiti changu! Mbele ya kompyuta yangu. Mimi mtu akikalia kiti changu damu huchemka, na wateja wote wa mtaa wanalijua hilo. Pacha wangu alikuwa nyuma ya kaunta anabaindi ripoti ya mwanafunzi. Aliinua mabega tu, maana yake mimi simo, mtajuana wenyewe.

Duka letu ni chumba kimoja: printa, skana, mashine ya kukatia karatasi na sisi wawili. Yeye alikuwa wa kukata na kubaindi, mimi wa kuhangaika na mafaili. Tulifanana mpaka mama aliyetuzaa, akitukuta tumelala, ilibidi atuamshe ndipo ajue nani ni nani. Kinyozi wa chumba cha pili alishakata tamaa zamani. Alituita "Mapacha" hata akikutana na mmoja peke yake.

"Samahani mama, hapo nakaa mimi."

Aliinuka taratibu. Suti ya kijivu, viatu vinang'aa, nywele zimelazwa vizuri. Mtu ambaye ungempisha mbele kwenye foleni bila kuombwa. Ila alinuka. Alinuka bucha lililofungwa siku kadhaa bila umeme.

"Faili langu linakataliwa," alisema kwa sauti ya chini. "Mfumo unataka lisizidi MB mbili. Langu ni thelathini na moja."

Nikacheka. Huo ndio wimbo wetu wa kila siku. Watu wanaskani cheti kimoja kwa ubora wa picha ya harusi, halafu wanashangaa mfumo ukikitema.

"Ugonjwa huo dawa yake ninayo, mama. Kurasa ngapi?"

"Tatu."

Kurasa tatu, MB thelathini na moja! Nikajua humo kuna kitu kimejificha.

Nilichomeka flashi yake. Ilikuwa na joto... joto la mwili, utadhani imetolewa kwapani sasa hivi. PDF nzito hufunguka kijivu kwanza, picha huja baadaye kwa kujikokota, na subira mimi sikujaliwa. Kawaida yangu ni kujaribia ukurasa wa kwanza peke yake. Nautoa rangi, naangalia faili limeshuka kiasi gani, ndipo naamua la kufanya na zilizobaki. Nikachagua ukurasa wa kwanza. Ondoa rangi. Sawa.

Ishirini na nane.

Kwa kinyozi kitu kikaanguka. Paa!

Kisha mayowe.

Sijawahi kumsikia mwanamume akilia vile. Kinyozi alitokea mlangoni kwetu akijishikiza ukutani, na damu ilikuwa inamtoka. Hakuwa na jeraha. Ilimtoka machoni, puani, masikioni, chini ya kucha, ikimchuruzika mpaka viatuni, na kadiri ilivyomtoka ndivyo ngozi yake ilivyogeuka kijivu. Midomo kijivu. Ulimi kijivu.

"Mapacha..." alisema, akaanguka kizingitini.

Pacha wangu aliitupa ripoti akamkimbilia. Mimi niligeuka kutafuta simu yangu mezani, na hapo ndipo picha ilipomaliza kufunguka kwenye skrini.

Alikuwa kinyozi. Amelala kitandani kwake, mdomo wazi, amepigwa picha kutoka juu, kutoka darini.

Hana rangi.

"Limepungua," mwanamke alininong'oneza sikioni. "Una mkono mzuri, binti. Endelea."

Alimshika kinyozi mguu mmoja, akamburuta ndani, akafunga mlango kwa ufunguo wetu wenyewe. Kinyozi alikuwa bado anapumua.

Nilishuka ukurasa wa pili. Mwanamke kijana amelala chali, shuka la maua limefika kidevuni. Ukurasa wa tatu, mwanamke yuleyule, shuka lilelile, kidevu kilekile. Mmoja alikuwa mimi. Mwingine alikuwa pacha wangu. Na pamoja na kuishi ndani ya sura hiyo tangu kuzaliwa, sikuweza kusema yupi ni yupi.

"Wewe ni nani?" pacha wangu aliuliza.

"Mwanachama tu." Alivuta pumzi kama karani aliyechoka. "Kila mwanachama ana mchango wake. Zamani tulikuwa tunawapeleka watu sisi wenyewe, unamtembeza mtu porini mpaka miguu inawaka moto. Sasa wakubwa wameleta mfumo. Unatuma tu. Na mfumo wenyewe ndio huu, kila siku unakataa, kila siku faili kubwa mno."

Hata wachawi wanasumbuliwa na mfumo! Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini.

"Faili hili silibani," nilisema. "Chomoa flashi yako utoke."

Mwanamke alichukua mausi, polepole, kwa mkono usioizoea, akachora mstari kwenye picha ya kinyozi, chini ya goti. Akakata.

Krrrak!

Mguu ulibaki pale ulipokuwa, na kinyozi akajiviringisha mbali nao akipiga kelele. Ulikatika sawasawa, bila kuchanika popote. Niliuona mfupa. Niliona hadi soksi aliyokuwa ameivaa, na nikatapika kwenye kibodi.

"Mimi ndivyo ninavyojua kupunguza," alisema. "Nakata. Nikifika kwa huyu na wewe nitakata hivihivi, kipande kwa kipande, mpaka lifike MB mbili. Ila wewe ni fundi. Labda unayo njia ya upole."

Pacha wangu hakuwa mtu wa maneno mengi. Aling'oa kisu cha mashine ya kukatia karatasi, lile panga fupi lenye mpini, akampiga nalo mwanamke shingoni kwa nguvu zake zote. Kikazama. Akakichomoa, akampiga begani. Akampiga usoni. Nyama ilifunguka mpaka meno yakaonekana kupitia shavuni, na halikudondoka hata tone moja la damu. Harufu tu ndiyo ilizidi.

Mwanamke alimkamata mkono akaukunja kinyume. Nilisikia kiwiko kikiachia. Kisha akamshika nywele, akamgonga uso kwenye skana. Mara moja... Mara mbili... Kioo kikapasuka.

"Mwambie atulie," aliniambia, shavu likimning'inia. "Aliyeharibika sana wakubwa wanamrudisha, na mimi ndiye nitakayesemwa."

"Pacha, tulia!" nililia. "Tulia, nakuomba. Nitalibana."

Niliogopa. Lakini zaidi ya woga nilikuwa na jambo moja tu kichwani: pacha wangu atoke humu akiwa hai. Mimi lolote na linipate. Nilimpenda kuliko nilivyojipenda mwenyewe, na siku hiyo ndiyo nililijua hilo vizuri.

Nikajifuta mdomo, nikafikiri.

PDF isiyobanika haikosi sababu. Watu hukimbilia kuziharibu picha, kumbe mara nyingi uzito uko kwenye visivyoonekana. Herufi zilizobebwa zima zima na hazitumiki. Matoleo ya zamani yaliyohifadhiwa moja juu ya jingine. Kurasa ambazo mtu alizifuta na bado zimo ndani, kimya. Kufuta si kuondoa. Nawaambia wateja kila siku na hawanielewi.

Nikafungua uvungu wa faili.

Walikuwa wamejaa humo. Bibi mmoja, mkono chini ya shavu. Baba mwenye saa mkononi. Mtoto, kidole mdomoni. Wote wamelala, wote wamepigwa kutoka juu, na wengine walikuwa wamekatwa... kiuno peke yake... kichwa peke yake kwenye mto.

"Hao wameshaliwa," mwanamke alisema. "Waondoe tu."

Niliwaombea moyoni, nikawaondoa. Namba ikashuka mpaka saba. Nikazing'oa herufi. Nne. Moyo ukaanza kunipa matumaini, kwa sababu mpaka hapo sikuwa nimegusa uso wa pacha wangu, wala hata shuka lake.

"Nne," mwanamke alisema. "Bado."

Kinyozi alikuwa amenyamaza. Sikutaka kumtazama. Mwanamke aliushusha mkono wake juu ya mausi, juu ya mkono wangu, na ulikuwa mzito na wenye unyevu.

"Nikate?"

"Subiri! Subiri, nalipata."

Kuna visanduku vidogo ambavyo huwa navitia tiki vyote mwisho wa kila kazi, bila hata kuvisoma. Ofisi za mtaani kwetu huweka nembo ileile kwenye kila ukurasa, na wanafunzi huskani karatasi moja mara mbili bila kujua, kwa hiyo kisanduku cha mwisho ndicho kinachoniokoa kila siku. Ondoa vinavyojirudia. Kimoja kinabaki, vingine vinatupwa, faili linapumua. Mkono wangu ulivijaza vyote kwa mazoea. Macho yangu yalikuwa kwa pacha wangu, aliyeketi sakafuni, uso umevimba, ameushika mkono wake uliovunjika, ananitazama.

Nikabonyeza.

Moja nukta tisa.

"Tayari!" nilipiga kelele. "Limeshuka! Chukua uende!"

Maneno madogo yakatokea chini ya skrini.

Picha moja inayojirudia imeondolewa.

Niliyasoma. Nikayarudia kuyasoma. Nikatafuta pa kubonyeza ili nirudishe, lakini kitufe kilikuwa kimefifia.

"Pacha..." alisema nyuma yangu. "Pacha, kuna kitu kinanivuta."

Alikuwa anakuja akiburuzwa sakafuni, visigino vikikwaruza, kucha za mkono mzima zikivunjika kwenye saruji. Hakuna aliyemshika. Alinifikia, vidole vyake vikagusa mgongo wangu, na havikuishia hapo. Viliingia.

Nilihisi kila mfupa. Mbavu zake zilijipenyeza kati ya mbavu zangu zikitafuta nafasi, na pasipokuwa na nafasi zilivunja zikapita. Goti lake lilisukuma goti langu. Fuvu lake lilinigonga kisogoni, likagonga tena, kama mtu anayebisha hodi kwa hasira, kisha mfupa ukakubali. Sauti yake ilianza nje yangu ikaishia kooni mwangu.

Nilimshika! Naapa nilimshika. Nilimvuta kwa nywele, kwa blauzi, kwa ule mkono uliovunjika, nikimsihi asiingie. Kadiri nilivyomshika ndivyo alivyozidi kuingia.

Halafu kimya.

Mdomo wangu ulikuwa umejaa. Nilitema, yakadondoka meno, mengi, yanateleza damu. Nikapitisha ulimi kinywani. Yangu yote yalikuwepo.

Sakafuni ilibaki blauzi yake na kandambili zake.

Mwanamke alichomoa flashi, akaifuta kwenye suti. Aliitazama skrini kwa muda, kichwa kimeinama upande, akihesabu kitu.

"Nilileta watatu," alisema. "Ila mfumo hauangalii idadi. Unaangalia uzito." Akalirudisha shavu lake mahali pake kwa kiganja. "Asante, fundi."

Akafungua mlango, akatoka barabarani, ambako taa zilikuwa zimeshawaka na watu walikuwa wanarudi makwao na mifuko yao ya mboga.

Askari waliokuja walisema majambazi, wakaandika majambazi. Kinyozi tulimzika akiwa na rangi ya majivu, na waliomwosha hawataki kuzungumzia hilo. Pacha wangu anatafutwa mpaka leo. Picha yake imebandikwa mitaani, na watu huitazama, wananitazama, wanavuka barabara. Kama faili lile lilipokelewa au lilikataliwa, sijui. Hakuna aliyekuja kunichukua. Ila usiku mwingine dari yetu hulia, taratibu, juu ya kitanda, na mimi hulala kifudifudi nikiuficha uso.

Hospitalini, mama aliushika uso wangu kwa mikono miwili. Aliutazama mpaka machozi yakamkauka.

"Wewe ni yupi, mwanangu?"

Sijamjibu mpaka leo, kwa sababu sijui. Nakumbuka nimekaa kwenye kiti, kidole changu kinabonyeza. Lakini nakumbuka pia nimekaa sakafuni na mkono uliovunjika, nautazama mgongo wa yule aliyebonyeza, nikijiambia nisiogope, pacha wangu ananiokoa.

Mama bado anapakua sahani mbili. Nakula zote mbili, na bado mmoja wetu hulala akilia njaa.