Patani Haina Cherehani

Fundi na mkewe walishona pamoja katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Fundi alikata na kupiga cherehani, mkewe akashona vifungo kwa mkono. Fundi ndiye aliyemtungia uzi. Aliulowesha ncha mdomoni, akaupitisha kwenye tundu la sindano, akampa. Uzi ukichomoka, mkewe naye aliulowesha vilevile. Walizoea hivyo tangu waoane, na hakuna aliyeona ajabu.

Mtoto wao alilala kando ya majora ya vitambaa. Walimsubiri miaka mingi, naye akaja kabla ya siku zake, mdogo mno. Ndiyo kwanza alikuwa anaanza kunenepa.

Asubuhi moja Fundi aliamka na homa, anakohoa, mwili wote unamuuma. Mkewe akaingiwa na hofu.

"Mafua haya yakimpata mtoto, hatayaweza," alisema.

"Usiwe na wasiwasi, mama. Nilibakiza kapsuli nilizopewa nilipoumwa jino. Nitameza mimi, na mtoto tutamfungulia moja, tumpe unga wake kidogo, iwe kinga."

Mara wakasikia hodi. Alikuwa jirani yao, muuguzi wa zahanati, amefuata sketi yake. Aliziona kapsuli mkononi mwa Fundi.

"Fundi, hizo zinaua bakteria. Mafua yako yameletwa na kirusi. Na mtoto mchanga hapewi dawa hata chembe bila kuandikiwa."

"Si wote wadudu tu, Sista?"

Muuguzi akachukua patani ya shati, karatasi ya kukatia kitambaa, iliyoning'inia ukutani.

"Hii karatasi ikikaa hapa mwaka mzima, itajishonea shati?"

"Ingejishonea, ningekuwa nimelala," Fundi akajibu, akacheka hadi akakohoa.

"Basi kirusi ndiyo hivyo. Ndani kina maelekezo ya kutengeneza virusi vingine. Yamefunikwa na ganda la protini. Hiki cha mafua kina pia utando wa mafuta kwa nje, wenye vijiti vilivyochomoza. Mashine hakina."

"Sasa kinazaaje?" mke akauliza.

"Kinavamia karakana ya mwenzake. Mwili umejengwa kwa seli, ndogo hazionekani kwa macho, na kila seli ina mashine zake. Vile vijiti vinanasa kwenye seli za pua na koo, kama kifungo na tundu lake. Kirusi kikiingia, ganda linafunguka, maelekezo yanatoka. Seli inayafuata ikidhani ni kazi yake. Inanakili maelekezo, inatengeneza maganda, vinaungana, virusi vipya vinatoka kwa wingi kutafuta seli nyingine. Ile ya kwanza inachoka na kufa."

"Yaani mtu aje na patani yake, nimshonee mpaka nife, na hata ahsante nisipate," Fundi alisema.

"Ndiyo. Bakteria wana mashine zao wenyewe, na kapsuli hizi huziharibu au hubomoa kuta zao. Kwa kirusi zitaharibu nini?"

Fundi akaziweka kapsuli kando. Akashika uzi, akaulowesha mdomoni, akatunga sindano na kumpa mkewe.

"Ngoja hapo," muuguzi akasema. "Mate yako yamejaa virusi. Mwenzako atashika uzi huo, kisha atamshika mtoto."

Mke akaiweka sindano chini taratibu.

"Tufanyeje?" akauliza.

"Fundi alale chumba kingine, avae barakoa, anywe maji mengi. Mwili una walinzi wake, watakipiga. Madirisha yawe wazi. Naweni kwa sabuni, huvunja ule utando wa mafuta. Wewe endelea kunyonyesha, maziwa yako yanamkinga. Akikataa kunyonya, akipata homa au akihema haraka, mkimbizeni hospitali."

Wakafuata yote. Uzi sasa waliukata mshazari kwa mkasi mkali, na ukapita bila mate. Fundi alimsikiliza mwanawe kupitia ukutani, na kila mtoto alipolia, moyo ulimruka. Lakini mtoto hakuugua.

Homa ilipokwisha na kikohozi kutulia, muuguzi alimruhusu kumbeba mwanawe. Fundi alinawa mpaka viwiko, akanyoosha mikono. Mkewe akampa mtoto.

"Ni mimi nimeishiwa nguvu, au huyu amekuwa mzito?"

"Amekuwa mzito," mkewe akasema, na machozi yakamtoka kwa furaha.