Bamba Lililotoka Pajani

Jioni ile nilikuwa nampelekea mdogo wangu chai wodini. Alikuwa amevunjika paja, akaungwa kwa bamba la chuma na skrubu. Wiki ya tatu sasa.

Nilipofungua mlango, harufu ikanipokea. Kama misumari iliyolala majini.

"Dada, umeleta chai au umekuja kunitazama kama maiti?" akatania. Meno yake yalikuwa yanagongana. "Mdomo wote kutu tupu. Na yule mama mwambie aache kunibonyeza."

"Mama gani?"

"Anayechechemea. Anakuja jua likizama. Anapapasa paja langu, anasema... changu hiki."

Nikaiweka chupa ya chai chini.

Nilimjua. Mungu anisamehe, nilimjua vizuri.

Kazi yangu ilikuwa kuchemsha vyombo vya upasuaji. Miezi miwili nyuma daktari alimtoa mama mmoja bamba pajani, kidonda kilikuwa kimekataa kufunga. Siku ya nne akafariki. Utaratibu wetu ni kwamba chuma kilichotoka kwa mtu hakirudi kwa mtu, kinatupwa. Mimi nilikuwa naviweka kwenye kopo, naona uchungu kutupa kitu kizima.

Siku mdogo wangu alipoletwa, kabati la mabamba mapya lilikuwa tupu. Alikuwa analia kwa maumivu, mtu mzima na ndevu zake. Nikalisugua lile bamba kwa brashi ya waya mpaka likang'aa, nikalichemsha, nikaliweka kwenye trei na skrubu za aina nyingine.

"Jipya hili?" daktari aliuliza.

"Ndiyo, daktari."

Na nikamshukuru Mungu, mimi mwongo.

Taa ya wodi ikafifia.

Kwaa... kwaa... Mguu unaburutwa sakafuni.

"Huyo," mdogo wangu akanong'ona.

Sikuona mtu. Ila shuka likabonyea pale pajani. Vidole vitano, nikaviona kimoja kimoja. Kisha pumzi ya baridi sikioni mwangu.

"Mwanangu... bado kinaniuma."

Nilikimbia hadi kwa daktari. Nikisema, kazi imekwenda, pengine na jela juu yake. Nikinyamaza, namzika ndugu yangu. Nikapiga magoti ofisini kwake nikamwambia. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

"Mwandaeni sasa hivi," akawaambia wauguzi.

Alipompasua, nyama kuzunguka bamba ilikuwa nyeusi, kama imepakwa masizi. Skrubu zilikuwa zimelika shingoni.

"Mwili una chumvi," alisema bila kunitazama. "Vyuma vya aina mbili vikikaa humo, kimoja kinakila kingine. Na wewe ulilikwaruza, ukaliondolea utando unaolilinda. Kutu yake ndiyo sumu hii."

Nikaelewa. Lakini maelezo yale hayakunionyesha ni nani aliyesimama nyuma ya pazia. Bamba lilipodondoka kwenye beseni, mkono mkavu ulinyooshwa. Halafu hatua zikaondoka, sawasawa, bila kuchechemea.

Nilipokwenda kuliosha beseni, lilikuwa na maji mekundu tu, bamba halimo.

Mdogo wangu anatembea sasa, na utani wake umerudi. Mimi nilifukuzwa, na ilikuwa haki. Siku ya kuondoka daktari aliniuliza neno moja.

"Ni hilo tu?"

Nilikuwa nimechoka kuona aibu.

"Ni hilo tu, daktari."

Kwenye kopo mabamba yalikuwa matatu. Mawili nilishayatoa kabla ya hapo, yamo miilini mwa watu, na sikuwahi kuuliza hata majina yao.

Jana, jua lilipozama, mlango wangu uligongwa taratibu. Nikachungulia kwenye ufa. Mwanamume nisiyemjua, ameupakata mkono wake wa kushoto kama mtu aliyebeba kichanga.

Harufu ya kutu ikapita chini ya mlango.

"Mama," akanong'ona, "changu... umempa nani?"