Koili Zisizochovywa Nta

Fortunata alikohoa, na spika ikakohoa.

Hakushtuka. Gitaa lilikuwa limelala juu ya benchi la useremala, waya wake umechomekwa kwenye redio kuukuu ambayo Hezron, mumewe, aliigeuza amplifaya, na yeye alikuwa ameinama kulifuta vumbi la msasa. Kikohozi chake kiliingia kwenye gitaa kikatokea kwenye spika, kizito kidogo, na mkwaruzo ndani yake. Akacheka. Akasema, "Halo, halo," na spika ikasema halo, halo. Kisha akanyamaza, akajifuta mikono kwenye kitenge, na spika ikakohoa tena.

Mara hii yeye hakuwa amekohoa.

Mchana ule alimweleza Mbonile, fundi redio wa mtaa wa pili na rafiki wa Hezron tangu ujana. Mbonile aligonga gitaa kwa kucha, spika ikalia kama mlango unaogongwa.

"Shemeji, hizi pikapu, hivi vinasa sauti vya chini ya nyuzi, ni za kusuka kwa mkono. Sumaku imezungushiwa waya wa shaba, mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu. Za dukani zinachovywa kwenye nta ya moto, waya unashikana. Hizi hazikuchovywa. Kuna hewa katikati ya waya, kwa hiyo hazinasi nyuzi tu, zinanasa hadi maongezi."

"Na nisipoongea?"

"Labda lori limepita."

Tunduma malori hayaishi kupita. Jibu likatosha kwa siku ile.

Gitaa lenyewe Hezron alilichonga miaka tisa nyuma, kwa mninga uliobaki kwenye mlango wa kanisa, akimtengenezea mke wake wa kwanza, Atupele. Koili za pikapu alizisuka Atupele mwenyewe, akizungusha gurudumu la cherehani huku waya ukipita kati ya vidole vyake. Homa ya mapafu ilimchukua. Miaka miwili baadaye Hezron alimwona Fortunata akipiga gitaa la kwaya, akakaa benchi la mbele Jumapili nne mfululizo akiangalia vidole vyake, na ya tano akatuma mshenga.

"Nitakutengenezea lako," alimwambia walipooana. Mwaka na nusu ukapita. Sasa, badala ya jipya, alikuwa amelitia lile la Atupele shingo mpya na kulipaka rangi upya. Zilibaki pikapu tu. Juu ya benchi kulikuwa na pakiti mbili: jozi mpya ambayo Fortunata aliinunua Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa Mzambia mmoja muuza vyombo vya muziki, na jozi ya zamani ndani ya bati la majani ya chai, ambayo Hezron aliendelea kuichomeka kwenye gitaa kila siku, eti anajaribu.

"Chagua mwenyewe," Hezron alisema. "Gitaa ni lako."

"Hizi mpya."

"Hizo hazina joto."

"Umesema nichague."

"Nimesema. Ila sikiliza kwanza vizuri."

Kumwambia mtu achague, kisha kumkatalia alichochagua, si zawadi. Ni mtihani ambao jibu lake limeshaandikwa. Fortunata alilijua hilo, akasikiliza vizuri.

Alisikiliza siku ambayo Hezron alikuwa amepeleka vitanda Vwawa. Mvua ya saa nane ilikuwa inapiga bati, na katikati ya mvumo wa spika ikatoka sauti ya mwanamume, changa, laini, ya karibu kabisa. "Tupe wangu, shusha bega. Usiukaze mkono. Taratibu, mama, nani kama wewe."

Sauti ilikuwa ya Hezron, na Tupe alikuwa Atupele.

Mwanamke mwenye akili zake angetoka mbio hata kama mvua inanyesha. Fortunata alivuta kigoda akasogea. Katika mwaka na nusu, Hezron alikuwa amemwita "wewe", amemwita "nani hii", na mbele ya wageni "mama mwenye nyumba". Hakuwahi kumwambia nani kama wewe. Hakujua kwamba koo la mumewe linaweza kutoa sauti kama ile. Siku iliyofuata alifunga kibanda chake cha vitenge mapema akarudi kusikiliza tena, na iliyofuata tena, akiokota maneno matamu ya mtu mwingine kama anayekula mabaki mlangoni kwa jirani, na kila neno lilimshibisha kidogo na kumchoma zaidi.

Ndipo Alhamisi moja mpaka wa Zambia ulipofungwa kwa muda, wateja wakapungua, naye akarudi adhuhuri. Mlango wa karakana ulikuwa umerudishwa. Kwanza ilimpata harufu: mafuta ya nazi, na ile dawa kali ya kuchua kifua. Kisha akamsikia Hezron akicheka chinichini.

Akachungulia kwenye ufa. Hezron alikuwa amepiga magoti mbele ya spika, shavu lake limegusa kitambaa cha spika.

"Nimechoka, Hezron," spika ilisema, kwa sauti ya mwanamke, na kila neno lilikuja na pumzi fupi kama ya mtu anayepanda mlima. "Nirudishe kwetu."

"Bado kidogo."

"Kwetu wananisubiri."

"Nimekuletea mikono," Hezron alinong'ona. "Umeiona? Inafanana na yako. Ni mikono tu, Tupe. Nikikurudisha ndani ya gitaa, itakuwa yako."

Katika maneno yote yale, ombi la mtu aliyechoka na kiburi cha mwanamume asiyetaka kufiwa, Fortunata aliondoka na neno moja. Mikono. Ni mikono tu.

Aliwaambia akina mama wa maombi. Wakaja watatu, wakiongozwa na mama Sekela, mjane mwenye sauti inayofika barabara kuu. Waliimba, waliomba, na walipofika mahali pa kuweka mikono, waliiweka juu ya kichwa cha Fortunata.

"Toka, roho ya wivu. Mwachie binti huyu."

"Mama, siyo mimi. Ni lile pale."

"Ndivyo inavyosema," mama Sekela alijibu kwa upole. "Mwanangu, mwenzio amelala kaburini. Unamwonea wivu maiti?"

Hatua mbili kutoka hapo gitaa lilining'inia ukutani, na uzi wake mnene ulikuwa unatetemeka peke yake. Hakuna aliyeligusa. Hakuna aliyemuuliza Hezron neno hata moja. Hezron aliwaletea soda, na wakasifu upole wake hadi getini.

Aliyesema ukweli ni Mbonile, alipopita karakana, na alisema akiwa ameangalia chini, anachezea lehemu.

"Baada ya msiba wa Atupele, ndugu zake walikuja kutoka Isansa kugawa vitu vya marehemu. Waligawa vyote, hadi kitana. Mjomba wao aliuliza mara tatu kama kuna kilichobaki. Hezron akasema hakuna. Gitaa lilikuwa kwangu, juu ya dari."

"Ulijua."

"Nilijua. Alisema kalichonga yeye, ni lake. Mbao sawa. Lakini zile koili, shemeji, ni kazi ya mikono ya yule. Wenzetu pale sokoni wangesema ni jini, mchungaji atasema ni roho. Mimi naona ni mtu aliyezuiwa njiani. Dada yake, Goodness, bado yuko Isansa. Mpelekee."

"Nipande gari mpaka Isansa nikampelekee heshima?"

"Ukampelekee chake."

Fortunata aliliangalia lile bati la majani ya chai. "Na nta inafanya nini hasa?"

Mbonile aliweka lehemu chini. "Inaingia kwenye kila nafasi. Hewa inatoka."

"Na sauti?"

"Shemeji, nenda Isansa."

Hakwenda. Jumamosi, Hezron akiwa msituni kuchagua mbao, aliwasha jiko la mkaa uani saa sita mchana, jua kali, jirani anatwanga, malori yanahema foleni kule barabarani, akayeyusha mishumaa minane na kipande cha nta ya nyuki, na nta ilipokuwa maji akakata nyaya za koili mbili akaziteremsha sufuriani kwa kijiko. Mapovu yakaanza. Madogo kwanza, kama ya maji ya uji, kila moja likipasuka na kikohozi; kisha makubwa, na kila lililopasuka lilitoa neno, na maneno yakaanza kushikana, mdogo wangu, mdogo wangu sina ugomvi na wewe, nipeleke kwetu tu, si mbali, na moshi wa nta ukapanda na harufu ya mafuta ya nazi na dawa ya kifua ukamwingia puani na mdomoni kwa sababu alikuwa ameinama karibu mno, alitaka kusikia kama hata sasa kutatoka lile neno la Hezron, nani kama wewe, na lilipotoka, dogo, la mwisho kabisa, alilikandamiza chini kwa mgongo wa kijiko, akakandamiza mpaka kijiko kikagusa sufuria na mkono wake ukaungua na yeye hakuuondoa, mpaka juu ya nta hapakuwa na kitu kinachosogea.

Jirani alikuwa bado anatwanga.

Alichomelea zile pikapu mpya mwenyewe. Akakohoa mbele ya gitaa, spika ikanyamaza. Akapiga nyuzi, zikatoka safi, kama gitaa la mtu yeyote.

Hezron alirudi jioni mapema. Alisimama mlangoni mwa karakana, akaona sufuria iliyoganda nta, akaona bati tupu. Fortunata alijiandaa kwa kelele. Alikuwa na hoja zake zimepangwa, zote za haki: kwamba yeye si mikono, kwamba ana jina, kwamba nyumba haiwezi kuwa na mke wa kusikilizwa na mke wa kupika.

Hezron hakupiga kelele. Aliutazama mkono wa Fortunata ulioungua, ambao bila mwenyewe kujua ulikuwa unapapasa nyuzi, taratibu, bega limeshuka. Uso wake ukalegea. Akasogea, akapiga magoti mbele yake kama alivyopigia spika.

"Tupe wangu," alisema. "Nani kama wewe."

Sauti ile ile. Ya karibu kabisa, na sasa ilikuwa inaelekea kwenye sikio lake yeye. Fortunata alihisi pumzi fupi ikipanda kifuani mwake ambayo haikuwa yake, na nyuma ya meno yake maneno yakijipanga kwa Kinyiha, lugha ya watu wa Isansa, ambayo yeye, Mnamwanga wa Tunduma, hakuwahi kujifunza. Angeweza kuuma ulimi. Angeweza kusema, mimi ni Fortunata, na angeona ule uso ukifungwa kama dirisha, ukirudi kumwita nani hii.

Hezron alisubiri, macho yake yamejaa.

Fortunata akamwacha Atupele ajibu.