Kitabu Kisicho na Bunduki

Mama yangu, Marie-Louise, akikasirika hapigi kelele. Anatwanga. Siku hiyo nilikuwa narudi nyumbani kwetu Nateete, hapa Kampala, mzigo wa vitenge begani, nikasikia kinu tangu kwenye kona. Majani ya muhogo ya kupikia sombe yalikuwa yamelainika zamani, lakini Mama alizidi kutwanga.

Kando yake, juu ya kigoda, kilikuwepo kitabu nilichomletea asubuhi kutoka maktaba ya mtaa. Kwenye jalada mwanajeshi ameshika bunduki.

"Esperance," alisema bila kunitazama. "Tulikimbia basoda. Weye unaniletea basoda tena mu nyumba?"

Basoda ni askari, kwa Kiswahili chetu cha Bukavu. Mama hapendi hata kulisikia neno hilo. Alipofika Kampala hakujua kusoma. Mwaka jana aliingia darasa la watu wazima kanisani, akajifunza. Siku aliyosoma ukurasa mzima peke yake alilia, nami nikalia. Mwalimu alituambia asome kila siku, la sivyo atasahau. Ndiyo maana nikajiandikisha maktaba.

Hicho hakikuwa kitabu cha kwanza kuletwa. Cha kwanza kilikuwa cha kufundisha polisi Kiswahili: simama, inua mikono, toa kitambulisho. Mama alisoma maneno hayo kwa sauti, polepole, akidhani ni hadithi. Kisha akakifunga. Cha pili kilikuwa historia ya vita vya Kongo, tena kina picha. Na sasa hiki.

"Rudisha," alisema. "Na usilete ingine. Kama kusoma ni hivi, naacha. Hata darasa siendi tena."

Damu ilinichemka. Mama alinyimwa shule akiwa mtoto kwa sababu ni msichana. Sasa ameipata kwa jasho lake, halafu jalada la kitabu limnyang'anye. Usiku huo sikula vizuri.

Asubuhi nilikwenda maktaba. Kampala kuingia mahali bila kusalimu ni utovu wa adabu, na siku hiyo adabu niliiacha nyumbani. Nilikibwaga kitabu mezani. Otema, mhudumu wa maktaba, alishtuka.

"Nyabo, dada yangu, kuna nini?"

"Kwa nini kila siku unampa mama yangu vitabu vya vita?"

"Uliomba kitabu ya Swahili." Alionyesha rafu nyuma ya kiti chake. "Swahili iko pale. Hapa watu wanaomba Swahili ni maaskari na mapolisi. Na nyinyi Wakongo, nilifikiri munataka habari ya kwenu."

"Habari ya kwetu tunaijua. Tuliipita kwa miguu," nilisema. "Mama anataka kucheka. Anataka harusi, anataka mawifi wanaogombana. Au Wakongo hawacheki?"

Otema alitazama chini. Si mtu mbaya. Lakini kazi yake aliifanya hivi: anamtazama mtu usoni, anaamua huyu ni nani, kisha anachukua kitabu kilicho karibu na mkono. Mtu anaweza kuumiza wengi kwa uvivu wa namna hiyo, tena huku anatabasamu.

Kelele zangu zilimtoa Sumayiya chumba cha nyuma. Yeye ndiye msimamizi mpya wa maktaba, Mnubi kutoka mji wa Bombo. Alisikiliza mpaka nikamaliza.

"Dada, kaa. Una haki ya kukasirika," alisema. "Na mimi nimekasirika." Akamgeukia Otema. "Hii kompyuta umeifunika na kitambaa kwa nini?"

"Vumbi, madamu."

"Vumbi," alisema Sumayiya, akakivuta kitambaa.

Akawasha mashine na kunisogezea kiti.

"Ndani ya hii kuna katalogi," alisema. "Kila kitabu ya hapa imeandikwa humo. Nani aliandika, ni lugha gani, inahusu nini, ni ya mtoto ama mkubwa, iko rafu gani. Nyingine ina maelezo ya hadithi kwa kifupi. Sasa wewe uliomba Kiswahili, na huyu akakupa Kiswahili. Ni kama uende soko ya Nateete, useme unataka chakula tu. Si watakupa chochote?"

"Angeniuliza," nilisema.

"Angekuuliza. Hiyo ni kazi yetu, na hatukuifanya." Hakujitetea zaidi, na hapo hasira yangu ilipungua kidogo. "Niambie. Mama akikaa na wenzake, anapenda kusimulia nini?"

"Mambo ya mtaa. Nani ameoa, nani ameachika. Anajua kila nyumba."

Otema alicheka. Nilipomtazama aliacha.

"Na nini anachukia?"

"Bunduki. Na watoto kufa."

"Anasoma haraka?"

"Polepole. Herufi ndogo zinamchosha."

Sumayiya alichagua lugha, Kiswahili. Vitabu vikajaa kwenye kioo, vingi kuliko nilivyodhani. Akaongeza neno moja kwenye mada: ndoa. Vikapungua. Akaongeza tena: wasomaji wapya. Vikabaki vichache. Tulisoma maelezo yake pamoja, kimoja kimoja. Kimoja kilikuwa na mazishi ya mtoto, tukakiacha. Kingine kilimhusu mshonaji, mume wake na wifi zake wakorofi.

"Hii," nilisema.

"Angalia namba hapa," alisema Sumayiya. "Namba hiyohiyo imebandikwa mgongoni pa kitabu. Rafu ya nyuma, karibu na dirisha."

Otema alikwenda akarudi nacho. Kilikuwa kipya kabisa, hakuna aliyewahi kukifungua. Hapo hasira ikanirudia. Kitabu hiki kilikuwa humu humu, hatua chache tu kutoka mezani, wakati Mama anasoma inua mikono. Hilo liliniuma kuliko yote.

"Mama asipokipenda, rudi utuambie kwa nini," alisema Sumayiya. "Si kosa lake. Tutatafuta kingine. Katalogi inajua vitabu, haimjui mama yako. Wewe ndiye unamjua, kwa hiyo usiogope kusema."

"Nisamehe, dada," alisema Otema.

"Mwombe Mama," nilimjibu, nikaondoka.

Mama alikataa kukigusa. Nilikiweka juu ya kabati, jalada likionekana, picha ya cherehani. Alikuwa anakipitia mbali kama mbwa asiyemjua.

"Hakuna basoda?" aliuliza siku moja.

"Hakuna. Tulisoma maelezo yake kwanza."

Alikitupia jicho, akarudi kwenye sufuria yake.

Kisha jioni moja natoka sokoni nikasikia kinu tangu kwenye kona. Kizito, cha hasira kabisa. Niliona tumeshindwa, na safari hii Mama hatashika kitabu tena. Nilikimbia.

Nilimkuta anatoka jasho. Kitabu kilikuwa wazi juu ya kigoda, kimewekewa jiwe ukurasa usipeperuke.

"Mama, basoda wametoka wapi tena?"

"Basoda gani?" Akashusha mchi. "Ni huyu Maimunah wa mu kitabu. Bwana yake anamudanganya mbele ya macho, na yeye anamupikia. Anamupikia, Esperance. Na nyama."

Nilikaa chini palepale, nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Mama hakucheka hata kidogo. Jumapili alirudi darasani, akamlalamikia mwalimu habari za Maimunah mbele ya wenzake, na wenzake wakataka kitabu hicho.

Alipokimaliza alivaa kitenge chake kizuri, akasema anakwenda maktaba mwenyewe. Nilimfuata. Otema alipomwona alisimama.

"Mama, pole sana. Vile vitabu vya kwanza, nilikosa."

Mama aliweka kitabu cha Maimunah mezani.

"Pole utaisema kisha," alisema. "Nataka kitabu ya mwanamuke mwenye hasamehe haraka."

Otema hakugeukia rafu ya nyuma ya kiti chake. Kitambaa hakikuwepo tena. Aliketi mbele ya mashine.

"Sawa, Mama. Lugha ni Kiswahili. Sasa niambie, nini unapenda, na nini unachukia?"

"Nachukia kungoja," alisema Mama, akavuta kiti.