Makungwi Wawili kwa Mwari Mmoja

Ti... ti... ti. Katika giza la alfajiri ungedhani bomba la jikoni halikukazwa vizuri. Mwanahawa aliijua sauti hiyo: ni Kifundaseli, mashine ndogo kama birika, ikimdondoshea dawa binti yake ndani ya chumba cha kioo pale sebuleni.

Tunu, wa miaka minne, alizaliwa na seli changa za kinga zisizojua kukua. Hakuna aliyewahi kumgusa bila glavu. Kila tone lilibeba protini za kwenda kutua juu ya jeni na kuamuru: hii ifunguliwe isomwe, ile ifungwe. Hapo ndipo seli hujua kwamba imekuwa askari.

Kulipokucha, Daktari Nampunju alikuja, uso umemkunjamana.

"Mama Tunu, seli zimekwama tena. Nyingine zimegeuka vitu nisivyovijua. Akili unde ya mashine inasema tuongeze dozi."

Mwanahawa, aliyekuwa akisoma biolojia madarasa ya jioni, aliisogelea ratiba ya mashine. "Hizi protini mbili zinaingia pamoja?"

"Pamoja. Tuokoe muda."

"Daktari, wewe si mtu wa hapa hapa Lindi? Dada zako hawakuchezwa unyago? Mwari mmoja anapewa makungwi wawili wa kumfunda kwa pamoja, huyu anasema inama, yule anasema simama?"

"Mimi mwanaume, dada. Ya ndani kule nitayajulia wapi?"

"Basi na mashine yenu mwanaume mwenzio! Wa kwanza amalize kufungua jeni zake. Wa pili ndiyo aje kufunga mlango, seli isirudi utotoni."

Daktari aliitazama upya ratiba. "Hizo ni siku arobaini zaidi. Na akiba ya seli zake changa inatosha kujaribu mara moja tu. Tukikosea, hatoki humo."

Mwanahawa alimtazama mwanawe aliyekuwa akipiga miayo nyuma ya kioo. Siku arobaini nyingine za kumbusu kwa ishara.

"Badilisha," alisema.

Akili unde ilipinga kila asubuhi, kwa adabu zote. Daktari alikuwa akiizima, anahesabu seli, anaondoka.

Siku ya arobaini na moja alihesabu mara mbili. Kisha akaanza kufungua komeo la mlango wa kioo.

Mwanahawa alivua glavu, akapiga magoti, akanyoosha mkono. Tunu aliupokea kwa mikono yake miwili, akaugeuza huku na huku, akaubandika shavuni.

"Mama, mkono wako una jasho."