Kikapu Safi, Maji Machafu

Simu ilitetemeka mara mbili juu ya taulo.

Klorini: sifuri.

Pampu: imezimwa.

Sindano alivua miwani ya jua, akasoma tena ujumbe wa kipima maji cha bwawa lake la nyumbani. Ilikuwa siku ya tatu ya likizo, saa tatu asubuhi. Kando ya ziwa, mbele ya hoteli, binti yake wa miaka sita alikuwa anamfukia bibi yake, mama yake Sindano, miguu kwa mchanga.

Kabla ya kusafiri alikuwa ameliandaa bwawa lake la kuogelea kama mtu anayemwandaa mtoto kwenda shule. Alisugua kuta. Alipima maji. Aliacha vidonge vya klorini kwenye chombo kinachoelea, akatega pampu izungushe maji kwa saa nane kila siku. Funguo za nyumba akamwachia kaka yake.

Bwawa lililoachwa hivyo haliishiwi dawa kwa siku tatu.

Labda mtu aitoe.

Simu ikaita. Namba haikuonekana.

"Shangazi amelazwa," ilisema sauti ya Mkuu wake wa kazi.

Sindano hakuwa na shangazi. Kwa lugha ya siri ya idara yao ya usalama, maana yake likizo imekatika.

"Hali yake?"

"Mbaya. Kilo thelathini za vilipuzi zimevuka mpaka ndani ya makopo ya rangi. Kesho asubuhi zinategwa chini ya daraja kubwa, watu wakiwa njiani kwenda kazini. Wanazo wageni wawili. Mmoja tunamwita Kofia, hodari wa bastola. Mwenzake ni mzamiaji. Jana tumewapoteza mtaani kwako."

Mtaani kwako.

"Mbwa wamepita?"

"Geti kwa geti. Hawakunusa kitu."

Mzamiaji. Mbwa wasionusa. Maji yasiyo na dawa.

Kichwa kilishajumlisha. Moyo ulikuwa bado unakataa.

"Mna uhakika ni wawili tu, Mkuu?"

"Wawili. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Alimbusu binti yake kwenye paji la uso lenye mchanga, akamwambia anawahi mara moja kazini. Land Cruiser ilikula lami saa tatu mfululizo. Njiani alimpigia kaka yake mara kumi na moja.

Iliita. Haikupokelewa. Alipokaribia mji ndipo alipoomba kikosi kitumwe nyumbani kwake.

Saa sita mchana aliegesha nyuma ya nyumba ya jirani, muuguzi mstaafu, aliyekuwa anaanika mashuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi? Afadhali. Vyura wamehamia kwenye bwawa lako, jioni wanapiga bendi!"

"Kaka yangu umemwona?"

"Yupo, na mafundi wake wawili. Nimemwambia, baba, tia dawa, mbu watatumaliza. Ananijibu ati anayapumzisha maji. Maji yanapumzishwa, mwanangu? Yamechoka na nini?"

Sindano hakucheka.

"Mama, nenda dukani. Sasa hivi. Usirudi mpaka nikupigie."

Muuguzi aliona uvimbe wa bastola ya Glock kiunoni mwake. Akaweka shuka chini taratibu.

"Na sukari sina," akasema, akaondoka upesi.

Sindano alibonyeza redio, akaita makao makuu.

"Sindano kwa Mnara. Niko ukutani."

"Mnara. Kikosi kiko dakika ishirini. Subiri."

"Siwezi. Gari lao liko uani, milango ya nyuma wazi. Wanapakia."

"Sindano, subiri!"

Alizima redio.

Kulikuwa na sababu nyingine ambayo hakuisema. Alitaka kuingia wa kwanza amkute kaka yake amefungwa kamba, kitambaa mdomoni. Hebu fikiria, kumwombea ndugu yako afungwe kamba. Lakini ndivyo alivyoomba wakati anaruka ukuta.

Bwawa lilikuwa kijani. Kijani kizito, huoni hata ngazi ya kwanza. Kwenye ukingo yalipangwa makopo sita ya rangi, yamelowa, yamefungwa kwa nta. Mapovu yalipanda katikati. Mzamiaji alikuwa chini, anatafuta mengine.

Sindano alichuchumaa nyuma ya kibanda cha pampu.

Hapo ndipo alipokiona kikapu.

Kikapu cha plastiki kinachokamata majani kabla hayajafika kwenye pampu. Kilikuwa kimekung'utwa, kimesuuzwa, kimefudikizwa juani.

Marehemu baba yao alikuwa fundi wa mabwawa. Wote wawili walikulia kwenye maji ya watu wengine, brashi mkononi. Baba hakusamehe kikapu kichafu. Kaka yake aliyaacha maji yaoze makusudi, lakini mikono ikamshinda. Ilisafisha kikapu bila kutumwa.

Mtu aliyefungwa kamba hasuuzi kikapu.

Alikaa na jambo hilo kama sekunde tatu. Zilitosha kuumiza.

"Mdogo wangu."

Kaka yake alikuwa amesimama nyuma yake, taulo begani. Hana kamba. Hana jeraha.

"Simu yako mbovu, kaka?"

"Ulitakiwa kurudi Jumapili."

"Pole. Nimekuharibia ratiba?"

"Sikiliza. Wameniambia ni vipuri. Vinalala siku tatu, vinaondoka, hakuna anayejua."

"Na maji?"

"Walitaka kitu chini kisionekane. Ningewaambia wayatie rangi nyeusi?" Alijaribu kutabasamu. "Nikaizima pampu, nikatoa dawa. Ni maji tu, jamani! Yanasafishika."

"Mwanangu anaogelea humo."

Kaka yake akayatazama maji ya kijani.

"Usisogee," ilisema sauti ngeni.

Kofia alitokea mlango wa jikoni, bastola imenyooka. Mwanamume mrefu, kofia ya majani, viatu vya Sindano vya kuogea miguuni. Alikuwa amejihisi yuko kwake.

"Silaha chini."

Sindano aliilaza Glock juu ya vigae. Kofia akaisukuma kwa mguu.

"Ni hiyo tu?"

Sindano aliitazama bastola ya Kofia.

Kisha kaka yake akasema, akiangalia pembeni, "Kuna nyingine. Kifundo cha mguu wa kulia."

Nje ya idara, mtu mmoja tu alijua habari ya bastola ile. Sindano mwenyewe ndiye aliyemwambia kaka yake, siku ile alipomwomba amlelee mwanawe ikitokea yeye hakurudi.

Aliitoa. Akaiweka chini.

"Mikono kichwani," Kofia akaamuru.

Alitii. Vidole vya kulia vikateleza taratibu nyuma ya kichwa mpaka kwenye saa ya mkono wa kushoto. Saa ile iliendesha kila kitu cha bwawa. Pampu ilikuwa imezimwa ukutani. Turubai la kufunika bwawa, nene kama godoro, lilikuwa na betri yake yenyewe.

Akabonyeza.

Mota ilinguruma. Turubai likaanza kujikunjua juu ya maji.

Kofia akageuza bastola kuelekea mngurumo. Nusu sekunde.

Iliyobaki ilikuwa ya Sindano.

Alichomoa kwenye ukuta wa kibanda fimbo ndefu ya alumini ya kuopolea majani. Pigo la kwanza, kifundo cha mkono. Bastola ikazama. Pigo la pili, nyuma ya magoti. Kofia akaangukia turubai, likabonyea, maji ya kijani yakamfunika kifuani. Kila alipojinyanyua, lilimmeza upya.

Sindano akasimamisha mota. Upenyo ulibaki mdogo, na ndani yake kikatokeza kichwa cha mzamiaji, mwani unaning'inia masikioni.

"Mikono nayo nataka niione," Sindano alimwambia.

Ikatokeza.

Akageuka.

Glock ilikuwa hatua moja kutoka miguuni mwa kaka yake. Kaka alikuwa anaitazama.

"Okota," Sindano alisema. "Kama umeshaamua, maliza."

Kaka aliigeuzia mgongo. Akakaa chini ukingoni, akafunika uso kwa taulo.

Sindano aliiokota mwenyewe. Akawasha redio.

"Sindano kwa Mnara. Mzigo upo. Njooni na wataalamu wa vilipuzi. Nimeshika watatu."

"Rudia, Sindano. Tulisema wawili."

Kaka alishusha taulo. Alitikisa kichwa, polepole, kama zamani utotoni alipomwomba asimsemee kwa baba.

"Watatu," Sindano alisema. "Wa tatu ni kaka yangu."

Saa tisa makopo yote yalikuwa yamehesabiwa na kuondolewa. Kaka alipandishwa gari la mwisho, pingu mikononi.

"Mama utamwambia nini?" aliuliza.

"Nitamwambia ukweli. Halafu nitakaa naye."

Mlango ukafungwa.

Sindano alirudi kwenye kibanda. Alisugua kuta zote nne za bwawa, akamimina klorini ya kutosha, akawasha pampu. Maji yakaanza kuzunguka, mazito, taratibu. Yakitibiwa vizuri, maji ya kijani huchukua siku tatu kurudi angavu.

Likizo ilikuwa imebaki siku nne.

Akavaa miwani, akafunga geti, akabadilisha kufuli, akaondoka kurudi ziwani.