Levina Apandishiwa Kiti cha Baiskeli

Perege hawamsubiri mtu. Kila alfajiri Levina alifunga tenga la samaki kwenye baiskeli pale Kivukoni, akapiga pedali hadi sokoni Ifakara. Wenzake walimpita njiani. Alipofika, wanunuzi walishaondoka, na samaki wameanza kulegea.

"Mama Beatus, ulikuwa unawasimulia samaki hadithi njiani?" Amedeus, mumewe, alimtania, mtoto wao Beatus akiwa mgongoni kwake.

"Cheka tu! Kuanzia leo nafanya mazoezi. Watanikoma!"

Basi kila jioni akawa anakimbiza baiskeli kwa nguvu zote, bila kupumzika. Wiki haijaisha, magoti yakavimba. Akashindwa hata kuinama kumwogesha Beatus.

"Iache hii biashara, mke wangu," Amedeus alisema kwa upole.

"Siachi. Naipenda."

Jirani yao Dorotea, anayeshindana mbio za baiskeli, akaja kumjulia hali.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Pole, mdogo wangu. Ah! Nani kashusha kiti cha baiskeli hivi?"

"Mimi," Amedeus alijibu. "Naibebea mpunga. Ukiwa na magunia, miguu lazima ifike chini."

"Shemeji, mkeo habebi magunia. Umemkalisha kama chura! Kiti kikiwa chini mno, magoti yanaumia na nguvu inapotea."

Dorotea akashika spana, akapandisha kiti. "Panda, shika ukuta. Weka kisigino kwenye pedali ya chini. Mguu umenyooka? Basi, kiti kikae hapo. Ukiendesha, kanyaga kwa mbele ya wayo. Ukisimama, shuka kwenye kiti."

"Na mbio je?"

"Kwanza magoti yapone. Yakigoma, nenda zahanati. Kisha siku moja endesha taratibu, safari ndefu. Siku nyingine kimbiza kidogo, punguza, kimbiza tena. Halafu pumzika. Mwili hujenga nguvu ukipumzika. Kunywa uji kabla ya kutoka, na ubebe maji."

"Nipumzike, wenzangu wananipita?"

"Wapite. Utawakuta mbele."

Levina alifuata, ingawa siku za kupumzika zilimkera. Miezi ikapita.

Asubuhi moja Amedeus aliazima baiskeli, akamsindikiza kutoka Kivukoni. Kabla ya nusu ya njia, akabaki nyuma peke yake. Alipofika sokoni, jasho linamtiririka, Levina alikuwa ameketi akinywa chai.

"Mama Beatus," alihema, "samaki wako wapi?"

"Wameisha, baba. Limebaki tenga. Hilo utaliweza?"